Jarida la wanafunzi hufia kwenye toleo la pili: naweka hesabu zetu zote hapa

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mdogo wangu aliyeingia chuo mwaka huu alinipigia simu. Yeye na wenzake tisa wanataka kuanzisha jarida la wanafunzi. Waandishi wapo, mchora katuni yupo, jina wameshalipata. Nikamuuliza swali moja tu: toleo la pili mtalilipia na nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, si tutatumia pesa za toleo la kwanza?"

Nilishindwa kumjibu pale pale, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021 mbele ya wenzangu kumi na mmoja, na wote wakaniamini kwa sababu ndiye niliyekuwa mhazini. Jarida letu lilitoka mara mbili likafa. Daftari la hesabu ninalo hadi leo. Naliweka hapa kwa ajili ya mdogo wangu na yeyote mwenye ndoto kama yake. Chuo sitakitaja, mchapaji sitamtaja.

Mtaji wetu ulikuwa hivi. Wanachama 12 tulichanga shilingi 50,000 za Tanzania kila mmoja, jumla 600,000. Tulikusanya taslimu, kwa sababu tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zilikuwa bado zinauma. Serikali ya wanafunzi iliahidi 500,000 ikatoa 300,000. Walimu wetu kadhaa walichanga 250,000. Kwa hiyo tulianza na 1,150,000, na tulijiona matajiri.

Jarida lilikuwa la ukubwa wa A4, kurasa 32 za ndani nyeusi na nyeupe, kava la rangi. Mchapaji alitaja bei mbili: nakala 300 kwa 1,150,000 au nakala 500 kwa 1,400,000. Tukapiga hesabu. Nakala 300, kila moja inatugharimu zaidi ya 3,800. Nakala 500, kila moja ni 2,800. Tukaona wazi kwamba 500 ndiyo bei nafuu. Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza, na bado sijaona kikundi cha wanafunzi ambacho kimeukwepa mtego huo.

Kosa la pili ni VAT. Bei aliyotutajia haikuwa na kodi. Ankara ilipokuja ilikuwa na asilimia 18 juu yake, yaani 252,000, na jumla ikawa 1,652,000. Hakutudanganya, sisi ndio hatukuuliza.

Alitaka nusu kabla ya kuanza na nusu siku ya kuchukua mzigo. Tulilipa 826,000 tukabaki na 324,000. Siku ya kuchukua mzigo tulikuwa tumepungukiwa 502,000. Wakati huo bodi ya mikopo ilikuwa inatoa 8,500 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na bumu (ndiyo pesa hiyo ya mkopo) la siku 60 lilikuwa 510,000. Langu lilikuwa limeingia wiki hiyo. Nikalitoa lote nikalipa, nikabaki na 8,000. Jarida nikalipakia kwenye bajaji likaja chuoni, na usiku ule tulipofungua mabunda na kunusa wino, hakuna hata mmoja kati yetu aliyelala. Sijawahi kujuta kwa usiku ule. Ninachojutia ni yaliyofuata.

Kwenye daftari, mpango ulikuwa kuuza nakala 500 kwa 2,000 kila moja na kupata milioni moja, kisha matangazo yalete 600,000: kava la nyuma 300,000 na kurasa mbili za ndani 150,000 kila moja. Baada ya kumlipa mchapaji tubaki na 1,350,000 za kuanzia toleo la pili.

Sasa soma kilichotokea. Nakala 40 zilikwenda bure kwa waandishi, maktaba, ofisi na watoa matangazo. Nakala 212 ziliuzwa zikalipwa. Nakala 138 zilichukuliwa kwa ahadi na pesa hazikuonekana. Nakala 110 zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda changu. Katika matangazo, mmoja alilipa 150,000. Wa pili badala ya pesa alileta fulana. Wa kava la nyuma alisema malipo yake "yapo kwenye mchakato".

Nilipojirudishia bumu langu, mkononi tulibaki na 72,000.

Wasomaji tulikuwa nao. Kuna makala moja kuhusu vyumba vya hosteli ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo na watu tusiowajua. Nakala moja ilizunguka watu wanane chumba kimoja. Hilo lilitupa faraja kubwa, lakini kwenye daftari ilibaki ni nakala moja.

Mdau wa Morogoro

Mkuu, pole sana na hongera kwa uwazi. Naomba kuuliza: hizo 138 zilikwenda wapi? Mtu aliiba?

Mleta uzi

Hakuna aliyeiba, mkuu, na nataka nilieleze hili taratibu kwa sababu limevunja urafiki wa watu wengi.

Tuliwapa ma-CR (wawakilishi wa darasa) wa kila kozi nakala 20 au 30 wakauze darasani. CR ni mwanafunzi kama wewe. Anaingia darasani na bunda, mtu anasema "nipe, nitakulipa bumu likiingia." Atamkataliaje mtu anayekaa naye chumba kimoja? Toleo letu lilitoka Januari 2022, siku ambazo wengi bumu lao lilikuwa limebaki la kuhesabu. Shilingi 2,000 ilikuwa sahani ya wali maharage, na mwanafunzi anayechagua sahani hiyo badala ya jarida hana kosa lolote. Bumu likaingia, mitihani ikaingia, nakala ikapotea, na kumdai mtu 2,000 ya jarida alilosoma mwezi uliopita kukageuka kuwa aibu kwa mdai. Ma-CR wawili waliacha kunisalimia kwa sababu niliwakumbusha.

Ningekuwa na nafasi tena, nisingempa mtu bunda bila pesa mkononi. Heri nakala tano za taslimu kuliko thelathini za ahadi.

Fundi wa mitambo, Dar

Mimi nafanya kazi kwenye uchapaji mwaka wa 14 huu. Niseme upande wetu, maana wanafunzi wakija wanadhani tunawapiga.

Kwenye ofseti, gharama kubwa ipo kabla karatasi ya kwanza haijatoka. Pleti zile zile, yaani mabati yenye sura ya kurasa, zinachapa nakala 100 au 2,000. Jarida la kurasa 32 A4 nyeusi na nyeupe, kwenye mashine inayochukua A3, linahitaji pleti 16 za ndani, halafu kava la rangi lina pleti nne kwa kila upande wenye rangi. Ongeza kuandaa mashine na karatasi zinazoharibika mpaka rangi ikae. Hiyo yote unalipa hata ukitaka nakala 50. Ndiyo maana nakala 500 inaonekana nafuu kuliko 300: pleti zimegawanywa kwa watu wengi. Kama watu wenyewe hawapo, umenunua karatasi ya kuweka chini ya kitanda.

Mambo mengine ya haraka. Jarida la kupigwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa nne. Kijana akija na kurasa 34, nitamwambia apunguze mbili au alipie 36. Na makosa yarekebishwe kwenye prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Pleti ikishatoka, kubadilisha jina moja lililokosewa ni pleti nyingine.

Chini ya nakala 150 hivi, usije kwenye ofseti. Nenda dijitali, hakuna pleti. Na mnang'ang'ania A4 ya nini? A5 inaingia mfukoni, na karatasi ni nusu.

Mleta uzi

Fundi, ungekuwepo mwaka 2021 ningekubusu mkono.

Mwalimu mstaafu

Vijana wangu, nimesoma huu uzi mpaka mwisho. Nilikuwa chuo cha ualimu mwaka 1983, tukawa na jarida letu la kurasa 12. Nchi ilikuwa na uhaba wa kila kitu, karatasi ikiwemo. Kila mwanachama alileta karatasi alizoweza kupata, mwingine 20, mwingine 50, za saizi tofauti. Tulipiga taipu kwenye stensili, tukazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono, tukapanga kurasa mezani tukizunguka kama watu wa ngoma, tukapiga pini. Zikiisha karatasi, jarida limeisha. Hatukuwa na deni kwa sababu hakukuwa na wa kumkopa.

Walio kabla yetu walifanya makubwa zaidi kwa zana hizo hizo. Jarida la Cheche la pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilianza Novemba 1969, likiendeshwa na wanafunzi wa USARF, kikundi chao cha kimapinduzi, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni. Wahariri walikuwa wanafunzi: Karim Hirji, Henry Mapolu, Zakia Meghji. Nalo lilikuwa la stensili. Toleo maalumu la mwaka 1970 lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, akiwa kijana, na makala ile ilisomwa mbali nje ya nchi. Novemba 1970 serikali ikalipiga marufuku pamoja na USARF yenyewe. Lililofuata likaitwa MajiMaji.

Nasema hivi kwa sababu Cheche lilizimwa na amri. Halikuuliwa na ankara. Lingechapwa kwenye karatasi ya kung'aa yenye kava la rangi, sidhani lingefika hata mwaka huo mmoja. Hebu jiulizeni, nani aliwaambia jarida lazima ling'ae?

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Umenigusa pale panapouma. Tulitaka kava linalong'aa kwa sababu tulitaka watoa matangazo watuheshimu. Na ni hao hao ambao hawakulipa.

Mwenye steshenari jirani na chuo

Mimi niseme kama mtu ninayeombwa matangazo kila muhula. Wanakuja vijana wamevaa vizuri, na barua ya Kiingereza ya kurasa sita, wanataka 150,000 kwa ukurasa mzima. Mimi ukurasa mzima nitaujaza nini? Natoa kopi, nauza kalamu, napiga picha za pasipoti. Faida yangu kwa siku haifiki hapo.

Lakini angekuja kijana akaniambia, "Mama, kiboksi kidogo, jina la duka na lipa namba yako, 15,000, na utakiona kila toleo," ningetoa kwenye droo pale pale. Hata mama wa chipsi jirani yangu angetoa, na wa saluni, na wa kufua nguo. Kampuni kubwa ina idara ya masoko, ina mhasibu, ina siku 90 za kulipa. Mimi sina siku 90.

Mleta uzi

Mama, vijisanduku kumi vya 15,000 ni 150,000, sawa kabisa na ukurasa mmoja tuliolipwa, tena taslimu na kabla ya kuchapa. Hatukuwahi kuwafuata majirani zetu. Tulipita mbele ya duka kama lako kila siku, tukipanda daladala kwenda mjini kukaa mapokezi ya ofisi kubwa.

Yule wa kava la nyuma alilipa mwezi wa sita. Miezi mitano. Pesa ilikuwa halali na aliilipa yote, lakini kwa miezi mitano hiyo jarida lilikuwa limelala, na waandishi wetu wawili bora walikuwa wameshaacha kuja vikaoni.

Dada wa Nairobi

Hamjambo majirani. Sisi tulikimbia karatasi kabisa. Jarida letu la chuo lilikuwa la PDF kwenye WhatsApp, halafu tukafungua tovuti. Wengi watakuambia mtandaoni ni bure. Mimi nimeona vingine.

Tovuti ina jina la kulipia na sava ya kulipia kila mwaka. Mwenzetu mmoja alikuwa na kadi ya benki, akalipa yeye, na kila kitu kikawa chini ya baruapepe yake. Akahitimu, akapata kazi ughaibuni, kadi ikaisha muda. Siku moja tukafungua tukakuta ukurasa mtupu. Maandishi ya miaka minne, mahojiano, mashairi, yote yalikuwa yamekwenda. Nililia, na sioni haya kusema. Nakala zenu 110 za chini ya kitanda angalau ziko mahali.

Tena PDF ya bure haimfanyi mtu yeyote alipe. Tulisomwa sana, tukapongezwa sana, na kwenye tili namba yetu hatukuwahi kuona hata elfu kumi za Kenya kwa muhula.

Kilichonifunza ni kutazama yaliyodumu. Penpoint ya Makerere, iliyoanza 1958, ilikuwa ya Idara ya Kiingereza. Ngũgĩ alichapisha humo baadhi ya hadithi zake za mwanzo akiwa mwanafunzi. Wanafunzi walikuja wakaenda, idara ikabaki. Jarida likiwa na makao kwenye idara, halihitimu.

Mdau wa sheria

Nipite haraka. Kwa Tanzania, kabla hujaanza ulizia leseni. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka machapisho ya aina ya magazeti yawe na leseni. Mtandaoni nako, kanuni za maudhui za mwaka 2018 ziliweka 100,000 ya maombi na 1,000,000 ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, kwa hiyo soma zilizopo sasa. Ukiwa chini ya chuo, mwambie mlezi wenu apeleke swali hilo kwa mwanasheria wa chuo kwa maandishi. Usibuni.

Mdau wa Morogoro

Mleta uzi, malizia. Toleo la pili lilitokaje, na la tatu likafaje?

Mleta uzi

Toleo la pili lilitoka Novemba 2022. Tulipunguza kurasa hadi 24, nakala hadi 300, tukahamia kwa mchapaji mwingine kwa 780,000 kodi ikiwemo. Tulikuwa na zile 72,000, na 300,000 za kava la nyuma. Tukaandaa usiku wa mdahalo na mashairi, kiingilio 1,000, tukapata 310,000. Watu 310 walilipa kuingia ukumbini kusikiliza wenzao wakisoma! Hapo nilianza kuelewa kitu. Mwanafunzi hulipa kwa urahisi zaidi kabla, akiwa na hamu, kuliko baada, akiwa ameshasoma.

Tulipungukiwa 98,000. Safari hii sikugusa bumu. Nilisimama mwisho wa mdahalo mwingine na daftari, nikasema anayetaka toleo jipya alipe sasa, jina lake liandikwe, nakala itamfuata chumbani. Watu 118 walilipa, 236,000. Deni la mchapaji likafungwa kabla mzigo haujatoka. Kwa mara ya kwanza nililala vizuri.

La tatu lilikufa kwa sababu tulihitimu. Pesa zilikuwa kwenye simu yangu, maana kikundi hakikuwa na akaunti ya benki. Nilimkabidhi mhazini mpya pesa na daftari, lakini sikukaa naye hata jioni moja kumwonyesha lilivyoandikwa. Alikuwa na mtihani, nilikuwa na mahafali. Akaja mchapaji na bei mpya, wakavutwa tena na nakala 500. Kurasa 28 zilikuwa zimeshapangwa kwenye kompyuta, nimeziona kwa macho yangu. Kuna hadithi ya binti mmoja wa mwaka wa pili kuhusu baba yake mvuvi ambayo hadi leo naikumbuka sentensi kwa sentensi. Haijawahi kuchapwa popote.

Mdogo wa mleta uzi

Kaka, nimesoma yote, na wenzangu wamesoma. Tuna 400,000 tulizochanga. Tumeacha A4, tumeacha kava la kung'aa. Mlezi wetu amekubali jarida liwe chini ya idara, na mwanasheria ataandikiwa kesho. Fundi, tukisema A5, kurasa 24 na kava, tufanye nakala ngapi?

Fundi wa mitambo, Dar

Mia na hamsini, dijitali. Kwangu ingekuja 1,700 kila nakala, kodi ndani: 255,000. Zunguka upate bei tatu kabla hujaamua, usichukue yangu tu. Na kila ukipewa bei uliza, "Hii ina VAT?"

Mleta uzi

Mdogo wangu, chukua kalamu. 400,000 toa 255,000, inabaki 145,000. Hizo usiziguse, hata mkipungukiwa soda ya uzinduzi. Uza kwa 2,000. Kabla ya kwenda kwa mchapaji, pita na daftari upate watu 60 wa kulipa mbele: 120,000. Jumlisha na 145,000, unapata 265,000. Maana yake toleo la pili limeshalipiwa na la kwanza bado halijachapwa. Nakala 90 zilizobaki na vijisanduku vya majirani ndiyo faida yenu. Wasipofika 60, msichape. Ongezeni wiki mbili, mwendelee kuandika.

Na zile 110 zangu njoo uzichukue. Mpe nakala kila atakayelipa mbele, aone kazi ya kaka zake.

Mdogo wa mleta uzi

Tumeanza jana baada ya kipindi cha jioni. Hadi sasa hivi wamelipa 23, na mama wa steshenari ya getini ametoa 15,000.